Mita Ishirini za Waya wa Buluu

Kompyuta ya chini imeanza kukoroma.
Si kukoroma kwa aliyeshiba akalala;
ni kule kwa mgonjwa: unasikiliza, unahesabu,
unangoja kama pumzi nyingine itakuja.

Ndani yake zimo harusi mia tatu na kumi na mbili,
kumbi za Sib, za Barka, moja ya Ibra,
wanawake peke yao, milango imekomewa,
mabuibui yametundikwa, nywele ziko wazi,
na mimi na kamera yangu begani.
Kila mkataba nimeuandika kwa mkono huu:
*Picha hizi hazitapanda mtandaoni.*
Basi lile wingu wanalolisifu vijana
mimi halinihusu.
Mbingu ya Maabila nayo haina wingu. Agosti. Vumbi tu.

Nilijaribu flashi.
Harusi ya Suweiq ikagomewa mlangoni:
faili kubwa mno, ikaniambia,
kama mgeni anayeambiwa nyumba imejaa
na huku vyumba anaviona.
Nilijaribu hewani. Kuta zetu nene, saruji juu ya saruji.
Zimesalia siku kumi na moja, ikasema.
Kisha kumi na tisa. Kisha sita. Kisha kimya,
kama fundi ukimwuliza atamaliza lini.
Diski ya mkononi Azzan aliiangusha Idi ya mfunguo tatu,
tangu hapo inagonga ndani, ta, ta, ta,
sithubutu kuifungulia.

Nikaenda Ruwi, kwa Biju.
Hata hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua.
"Waya," akasema, kwa Kiarabu chake cha Kerala.
"Mashine kwa mashine. Usimtie mtu katikati."
Riali mbili na baisa mia tano.

Nikautandaza kutoka stoo, ukapita mlango wa majlisi,
ukapanda ngazi kumi na moja,
ukapenya chini ya mlango wangu.
Kila mashine nikaipa namba yake,
hii inaishia na moja, ile na mbili, ili zijuane.
Taa ndogo ya kijani ikapepesa.
Saa tisa, ikasema. Na ilikuwa kweli.

Mama akatoka chumbani na shali, maana
nimeshusha ubaridi mpaka kumi na nane kwa ajili ya mgonjwa wa chini.
Akaushika waya kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa.
"Zote zinapita humu?"
"Zote."
"Na kule chini patabaki nini?"
"Zilezile, mama. Nanakili tu. Hakuna kinachoondoka."
Akafikiri.
"Sisi tulipotoka Bujumbura tulihama," akasema.
"Hatukunakiliwa."
Akauruka waya, akaenda kutawadha.

Usiku wa manane kichwa cha waya kikalegea,
kile kijimeno cha plastiki kimevunjika.
Nikakifunga kwa plasta ya kidonda, ya mtoto, yenye picha za twiga.
Asilimia sabini na moja. Nikakaa sakafuni nikaulinda.

Alfajiri nikahesabu.
Chini, faili elfu arobaini na moja, mia tatu na sita.
Juu, mia tatu na tano.

Moja.
Ningeweza kuliacha. Nani angelijua?
Nilishuka, nikalitafuta mpaka jua likawa kali,
nikalikuta limepewa jina la alama za ajabu
ambazo mashine mpya haikuzikubali.
Nikalifungua. Sekunde arobaini:
zulia la ukumbi wa Ibra, vidole vya miguu yangu,
kamera iliyosahauliwa ikiwaka na kuning'inia mkononi,
vigelegele mbali,
na karibu, karibu kabisa na kipaza sauti, mama:
"We umekula lakini?"

Nikalibadilisha jina. Likapita
kabla sijafika ngazi ya tatu.

Waya nimeuzungusha kiwikoni, plasta yake ingalipo,
nimeutundika jikoni kwenye msumari wa chujio.
Ya chini sijaizima bado.